Tumbo la Bi Mkubwa

Maradhi yakifichwa hayafi. Hukaa kimya na mwenye kuyaficha, yakanenepa, hadi siku yanapotoka nje yenyewe, tena mbele za watu. Ndiyo maana waliotutangulia wakatuachia onyo kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Wengi wetu huitumia methali hiyo tukizungumzia homa na vidonda vya binadamu. Katika kisa hiki, mgonjwa alikuwa na pembe mbili fupi, manyoya meusi yenye mabaka meupe, na mimba ya miezi saba.

Mgonjwa huyo aliletwa na serikali. Kabla yake yalikuja maji: kisima kirefu kikachimbwa, tangi likainuliwa juu ya nguzo nne, na mabomba yakasambazwa hadi nyuani. Wanawake waliokuwa wakiamka kabla ya jogoo kufuata maji bondeni sasa walifungua koki huku wakipiga mswaki. Baada ya maji ndipo wakaja ng'ombe, kwa mpango uliofungamana kama vidole vya mkono mmoja. Samadi ya ng'ombe iingie kwenye mboji, mboji iingie kwenye bustani ya nyumbani, na mabaki ya bustani yarudi horini. Tena kila aliyepewa ng'ombe aliahidi kwamba ndama jike wa kwanza atakwenda kwa jirani anayefuata kwenye orodha.

Wa kwanza kwenye orodha ya mtaa ule alikuwa mwanamke ambaye watu walikuwa wamekwisha kulisahau jina alilopewa na wazazi wake. Walimwita Mama Semina. Katika mafunzo ya siku tano ya mpango huo hakuwahi kukaa kiti cha pili, na tangu hapo hakuacha kuwafundisha wengine, wawe wameomba au hawakuomba. Mwanamke aliyekuja kuazima chumvi kwake aliondoka na chumvi pamoja na somo la kugeuza mboji.

"Kunde mbichi ni nzuri," alipenda kusema, kidole kikiwa hewani, "lakini zinyausheni kutwa nzima kwanza. Ng'ombe akila kunde zenye umande, tumbo hujaa povu. Na povu, ndugu zangu, halina huruma."

Mume wake, fundi bomba mpole asiyeishiwa mizaha, ndiye aliyempa ng'ombe yule jina la Bi Mkubwa. "Tangu aje," aliwaambia wenzake, "chai ya kwanza ni yake, maji ya kwanza ni yake. Mke wangu na mimi tumekuwa watumishi wa nyumba."

Ng'ambo ya ua aliishi wifi yake Mama Semina, dada wa fundi bomba, mwanamke mwenye ulimi mkali kama wembe mpya. Huyu ndiye aliyekuwa wa pili kwenye orodha. Kila asubuhi aliegemea ua na kuuliza habari za tumbo la Bi Mkubwa kana kwamba amelikodi.

"Wifi, ndama wangu kaamkaje?"

"Bado hajazaliwa, wifi. Na huenda akawa dume."

"Ndama wangu ni jike. Nimeshaongea naye."

Basi ilipotangazwa kwamba mkurugenzi wa mradi angekuja kutoka makao makuu kuitazama nyumba ya mfano, na kwamba nyumba hiyo ni ya Mama Semina, wifi alikuja jioni ya kuamkia siku hiyo akamtazama ng'ombe mara mbili, kisha akatikisa kichwa.

"Mbona ana mbavu kama ubao wa kufulia? Wakimpiga picha watadhani tunafuga ngazi."

Lilikuwa neno la utani, lakini utani nao ukitua penye wasiwasi huota mizizi. Usiku kucha Mama Semina aliziona zile mbavu. Nyasi kavu zilikuwa zimebaki kidogo, na kunde zilizokwisha nyauka hakuwa nazo. Kulipopambazuka alichukua mundu akaingia bustanini, ambako kunde zilikuwa zimetandaza majani mapana, mabichi, yanayong'aa umande. Alijua. Hakuna mtu katika mtaa ule aliyejua kumshinda. "Ni mara moja tu," aliiambia nafsi yake, "na si nyingi." Akakata mzigo mmoja. Bi Mkubwa akaula kwa furaha iliyomshawishi akate wa pili.

Saa mbili asubuhi ng'ombe aliacha kucheua. Ubavu wake wa kushoto ulikuwa umeinuka juu ya uti wa mgongo. Mama Semina aliugonga kwa vidole, ukalia kama ngoma. Alichukua turubai, akalitundika mbele ya banda kutoka nguzo hadi nguzo.

Mume wake alilichungulia tumbo, na kwa mara ya kwanza mzaha ukamkauka mdomoni. "Mpigie daktari."

Daktari waliyemmaanisha alikuwa afisa mifugo, kijana mwenye buti za mpira aliyewatembelea kila Alhamisi.

"Daktari yuko njiani na mkurugenzi," alijibu mkewe kwa sauti ya chini. "Unataka nimwambie mbele ya mkurugenzi kwamba Mama Semina amemlisha ng'ombe kunde za umande? Umesahau kanuni ya saba ya mradi? Tutanyang'anywa."

"Heri kunyang'anywa ng'ombe kuliko kuzika ng'ombe."

"Wageni hawakai. Wakishaondoka tu, nitamwita daktari pembeni."

Fundi bomba akafungua kinywa aendelee, lakini gari lilikuwa limekwisha simama langoni.

Mkurugenzi alikuwa mwanamke wa makamo mwenye viatu safi na masikio yenye subira. Mama Semina alimkamata kama mtego unavyokamata panya. Alimwonyesha koki na namna maji ya kunawia yanavyoelekezwa kwenye migomba. Alimwonyesha lundo la mboji, akachomoa kijiti kirefu kilichochomekwa katikati na kumpa akishike, aone jinsi kilivyo na joto. Alimwonyesha magunia yaliyojazwa udongo na kupandwa mchicha ubavuni, akamweleza gunia la kwanza, la pili, la tatu, kila moja na wasifu wake. Jasho lilimtiririka ingawa jua lilikuwa bado changa.

"Leo wifi angeweza kuuza maneno kwa debe," wifi aliwanong'oneza majirani waliokusanyika kutazama.

"Na ng'ombe?" aliuliza mkurugenzi.

"Anapumzika, mheshimiwa. Ni mjamzito."

"Hata mimi nilipokuwa mjamzito walikuwa wakija kunitazama," alisema mkurugenzi, na kwa mkono wake mwenyewe akalisogeza turubai.

Daktari alikuwa amebaki nyuma, akiosha buti zake kwenye koki. Kwa hiyo wa kwanza kuliona lile tumbo walikuwa watu wasiojua, nao wakalistaajabia.

"Huyu ameshiba kwelikweli," alisema mkurugenzi.

"Ameshiba," alisema Mama Semina. Neno lilimtoka likiwa jepesi na tupu kama pumba. "Ndiyo. Ameshiba."

Dereva wa mkurugenzi akatoa simu apige picha. Mama Semina akaambiwa asimame karibu, ashike kamba, atabasamu. Alisimama. Alishika. Pumzi ya Bi Mkubwa ilimpiga mkononi, fupi, ya haraka, yenye uchachu. Ulimi wa ng'ombe ulikuwa umening'inia nje, na kutoka ndani ya kifua chake kulikuja mguno mdogo, kama wa mtu anayevumilia kwa sababu ameombwa avumilie. Miguu ya nyuma ikayumba. Maneno ya kanuni ya saba yalimzunguka kichwani: atanyang'anywa, atanyang'anywa.

Wifi alikuwa amesogea. Alilitazama tumbo, upande mmoja umejaa na mwingine haukujaa, na ulimi wake ule wa wembe ukashindwa kukata.

"Wifi," alisema taratibu, "ndama wangu ana nini?"

Mama Semina aligeuka akitarajia kukuta dhihaka. Alikuta macho yaliyojaa woga, woga uleule uliokuwa ukimtafuna yeye tangu saa mbili. Ndipo alipotambua kwamba siri aliyoishikilia haikuwa yake peke yake. Ndani ya tumbo lile mlikuwa na ahadi ya nyumba nyingine.

"Daktari," aliita. Sauti ikakwama, akaikohoa. "Daktari, njoo. Nimempa kunde mbichi. Za umande. Mizigo miwili, tangu alfajiri. Nimejua kwamba ni mgonjwa tangu saa mbili, nikamfunika."

Kabla hajamaliza, daktari alikuwa amekwisha ruka magunia mawili ya mchicha na kuweka kiganja kwenye ubavu.

"Kunde tu? Hakuna pumba, hakuna unga?"

"Kunde tu. Naapa."

"Basi ni povu. Nusu lita ya mafuta ya kupikia, ndani ya chupa. Upesi. Na tumpeleke mahali pa mwinuko, miguu ya mbele iwe juu."

Mahali pa mwinuko katika ua ule palikuwa pale tu penye lundo la mboji. Fundi bomba alikimbilia jikoni. Mama Semina akavuta kamba, wifi akasukuma kwa bega, na mkurugenzi wa makao makuu, na viatu vyake safi, akazama kwenye samadi hadi kwenye vifundo akisukuma upande wa pili. Bi Mkubwa akapanda kwa miguu ya mbele juu ya mboji kama bibi harusi anayepandishwa jukwaani. Daktari alimwinua kichwa kiasi, akamnywesha mafuta kidogo kidogo kutoka pembeni mwa mdomo ili yasimpalie. Kisha akachukua kile kijiti cha kupimia joto, akakivunja, akakifuta, akakilaza kinywani na kukifunga kwa kamba nyuma ya pembe, ili ng'ombe atafune na kutoa mate.

"Sugueni ubavu. Sugueni msichoke."

Wakasugua, mawifi wawili bega kwa bega, waliokuwa hawajawahi kushika kazi moja pamoja tangu siku ya arusi. Dakika kumi zikapita. Dakika ishirini. Bi Mkubwa aliguna, akashusha masikio, akapepesuka. Mama Semina aliweka paji la uso wake juu ya manyoya yenye jasho. Aliomba bila maneno, kwa kuwa maneno yake yote alikuwa ameyamaliza kwenye magunia ya mchicha.

Kisha ng'ombe akacheua.

Ulikuwa mcheuo mrefu, mzito, wenye harufu ya bustani nzima. Ukafuatwa na wa pili, na wa tatu. Chini ya viganja vyao ule ukuta mgumu ukaanza kulegea. Mtu mmoja akacheka, kisha wote, na Mama Semina akalia na kucheka kwa pamoja, asijue lipi limeanza.

"Ungenyamaza nusu saa nyingine," alisema daktari akijifuta jasho, "ningekuja kuthibitisha kifo. Na kama usingesema ni kunde, ningeanza na mpira wa kutoa hewa. Povu halitoki kwa mpira. Ningepoteza muda na ng'ombe."

Mama Semina akafuta macho kwa mgongo wa mkono. Alikunja kamba ya Bi Mkubwa mara mbili, akamnyoshea wifi yake.

"Mchukue, wewe ndiye unayefuata. Kanuni ya saba naijua."

"Nimchukue nimweke wapi?" alisema wifi. "Banda langu halina hata paa. Acha haraka, wifi, tusome kwanza."

Karatasi ya kanuni ilikuwa imepigiliwa kwenye nguzo, mahali palipokuwa pamefunikwa na turubai. Wifi akasoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari: "Atakayeficha ugonjwa wa mnyama atanyang'anywa."

Mama Semina alisimama kama aliyemwagiwa maji. Kanuni ile aliifundisha mara ngapi? Lakini hofu ilikuwa imeimega nusu, ikambakishia neno la mwisho tu. Hakuna mahali ilipoandikwa kwamba anayekosea atanyang'anywa. Ilisema anayeficha.

"Je, ameficha?" aliuliza mkurugenzi.

"Ameficha kidogo," alisema wifi kwa haki. "Kisha ameshindwa."

Daktari akakubali kwa kichwa. "Ametoa taarifa mnyama akiwa hai. Taarifa ni taarifa."

Mkurugenzi alivitazama viatu vyake, kisha akamtazama Bi Mkubwa, ambaye alikuwa amegeuza shingo akijaribu kula ile mboji. "Basi ng'ombe anabaki. Lakini semina ijayo, mama, hutafundisha kutoka kwenye daftari. Utafundisha kisa hiki."

"Nitafundisha," alisema, safari hii kidole hakikuinuka.

Miezi miwili baadaye Bi Mkubwa alizaa, mbele ya macho ya majirani na bila pazia lolote. Ndama alikuwa jike. Wifi aliingia bandani akampangusa masikio, akamwambia, "Si niliwaambia?" Ndama alipoacha kunyonya alivuka ua kwenda kwenye banda lenye paa jipya, nalo paa hilo lilijengwa na fundi bomba, aliyesema kwamba sasa familia yake ina mabibi wakubwa wawili na hana tena pa kukimbilia.

Lile turubai lilikwenda kufunika mboji wakati wa mvua. Na Mama Semina, kila anapowaona wanafunzi wapya wakikaa viti vya nyuma kwa aibu ya makosa yao, huanza somo na lile tumbo lililosifiwa kuwa limeshiba. Huwaambia kwamba siku ile kifo kilikuwa kimekwisha kufika bandani, kimeshika ncha ya turubai, kinangoja kulifunua; yeye alikitangulia kwa pumzi moja tu. Maana mficha maradhi, kifo humuumbua.