Jina la Mbele ya Hadithi ya Mbuzi

Hapo zamani, si zamani ya mbali, kengele za shule zikiwa bado ni rimu za gari, alikuwako Mwalimu Semeni wa darasa la pili. Alipotimiza miaka arobaini na tisa akatunga hadithi ya mbuzi aliyeogopa kengele. Akaiandika kwenye daftari, akaificha sandukuni, chini ya madaftari ya zamani ya wanafunzi. Aliona haya. Walimu wenzake wangesema, mtu mzima na mambo ya mbuzi.

Miaka mitatu ikapita. Siku moja mumewe, Kibwana, akashikwa na usafi, na mnawajua wanaume wakishikwa na usafi. Akazoa madaftari yote, akampelekea Bi Tabu muuza karanga ayafanye karatasi za kufungia.

Semeni kurudi, sanduku tupu. Kumuuliza mumewe, akaambiwa madaftari yalikokwenda. Akaenda kwa Bi Tabu akilia mbele za watu, akaapa: "Atakayenirudishia hadithi yangu, jina lake nitaliweka mbele ya hadithi. Lake peke yake."

Bi Tabu akamwambia, "Kaa kwanza, Mwalimu. Kurasa tisa, kuanzia nyuma, nimeshafungia. Wa kumi niliusoma, nikashindwa kuuchana." Akaacha karanga zikiungua kikaangoni, akazunguka mtaa mzima akiwamwagia watu karanga zao viganjani ili apate karatasi. Akazipata zote, ila ukurasa wa mwisho. Huo mtu alishauwashia jiko.

Semeni akajaribu kuukumbuka, wapi. Ndipo Sikudhani, mwanafunzi wake ambaye kujumlisha tu kunamtoa jasho, akausema wote, neno kwa neno. Mwalimu alikuwa amewasimulia darasani mara moja tu, siku ya mvua. Semeni akacheka machozi hayajakauka. Moyo ukatua.

Kesho yake wateja wakajaa kwa Bi Tabu. Hawakutaka karanga, walitaka kujua mbuzi aliishia wapi. Hapo Semeni akapata ujasiri, akaituma kwa mchapishaji, ikakubaliwa. Mchapishaji akauliza: jina la mbele ni la nani?

Bi Tabu akasema, "Bila mimi ingekuwa takataka za sokoni."

Sikudhani akasema, "Bila mimi, Mwalimu, mbuzi angekuwa bado yuko nje ya darasa."

Kibwana akajikuna kichwa. "Kosa nimekosa. Lakini mke wangu, wewe ungeitoa lini sandukuni?"

 Semeni alijua asingeitoa.

Sasa yuko mezani na kalamu, roho kwatu, hana kinyongo na mtu, ila mkono hauendi. Nyie mliokaa kitako mnanitazama, msaidieni: je, aandike jina la nani?