Kakakuona Ajuaye Mvua

Paukwa!

Pakawa!

Nanyi wakubwa huko nyuma, itikieni, maana hii inawahusu kuliko watoto.

Hapo zamani za kale kulikuwa na ukame. Kilibaki kisima kimoja, na maji yake kidogo. Mbweha akaja na Kakakuona. Akasema, "Huyu hata kusalimia hajui. Njia ya kwake humpotea. Lakini mvua anaijua, wala hakufundishwa."

Akaweka vibuyu viwili, kimoja cha maji, ndiyo mvua bondeni, kimoja cha majivu, ndio ukame. Kwaru, kwaru, kwaru, Kakakuona akaenda kwenye maji.

"Mvua inanyesha bondeni," akasema Mbweha. "Kesho tuhame."

Wanyama wakapiga vigelegele. Swala hakupiga. Alikuwa na mtoto wa siku mbili, na bonde liko mwendo wa siku tatu. "Kama hakuna mvua huko," akasema, "mwanangu atanifia njiani."

Nungunungu akainama. Kibuyu cha maji kilikuwa kinavuja, na penye unyevu walijaa sisimizi. Akauliza, "Kakakuona anakula nini?"

Jamani, wanyama wote wale, hakuna aliyewahi kuuliza hilo.

Akawahamisha sisimizi kwenye kibuyu cha majivu. Kwaru, kwaru, kwaru, Kakakuona akaenda kwenye majivu. Akawaweka kwenye mkia wa Mbweha. Kwaru, kwaru, kwaru, Kakakuona akaulamba mkia.

"Haya," akasema Nungunungu, "mkia ni mvua au ni ukame?"

Mbweha akanuna. "Kipaji hakipendi kupimwa. Umemvuruga."

"Kweli kabisa, amemvuruga," akaitikia Nyumbu, mtu mzima na pembe zake. Mimi nikifika hapa huchoka. Kila mwaka nasimulia, na kila mwaka Nyumbu anasema vilevile.

Swala akamsogelea Kakakuona. "Mwenzangu, mvua itanyesha lini?"

"Sijui, mama," akajibu Kakakuona. "Hakuna aliyeniuliza. Mimi nina njaa tangu juzi."

Swala akabaki. Nyumbu akahama na ukoo wake. Mbweha akawafuata kwa nyuma, maana Mbweha hula wanaoanguka njiani. Bondeni hapakuwa na hata tone. Mtoto wa Swala alikunywa maji kisimani asubuhi ile, na asubuhi iliyofuata. Nyumbu alirudi. Ndama wake hakurudi.

Basi sikieni: anayesifiwa maajabu apimwe kwanza, na aulizwe mwenyewe, ndipo mfunge safari na watoto. Hadithi yangu imekomea hapo, na mwaka huu siirudii.