Jina la Aliyembeba Namkunda

Niwape nisiwape? Semeni "tupe", tena kwa sauti, maana masikio yangu siku hizi yanachagua ya kusikia. Haya. Hapo kale na kale, milima ya kule kwetu ilipokuwa bado haijapewa majina, ndipo yalipotokea haya. Mimi nilipewa na bibi yangu, naye alipewa na bibi yake, huko nyuma zaidi msiniulize.

Alikuwepo mwanamke akiitwa Namkunda, mke wa Senkondo. Mpole, mchapakazi, lakini uzazi ulimsumbua. Mimba ya kwanza iliharibika. Ya pili ikaharibika. Ya tatu ilipokuwa kubwa, mama mkwe wake, Nakijwa, akamwekea amri. Nakijwa huyo, wajukuu zangu, alikuwa mkali. Akikohoa tu, kuku walihama uani.

Akasema, "Mwanangu, kuanzia leo hutoki hapa. Kuni nitaleta mimi, maji nitaleta mimi. Na mferejini usikanyage."

"Nimesikia, mama," akaitikia Namkunda.

Watu wa huko walimwagilia mashamba kwa zamu. Juu mlimani bwawa, kutoka bwawani mfereji, na kila nyumba ilikuwa na siku yake ya kufungulia maji. Zamu ikikupita, maji yanakwenda kwa jirani, na wewe unakaa kusubiri mpaka izunguke tena. Sasa zamu ya akina Senkondo ilipofika, Senkondo yuko gulioni chini ya mlima, Nakijwa yuko msibani. Na maharage yanatoa maua, udongo umepasuka. Mngekuwa nyinyi mngefanyaje? Wewe usijibu, wewe ningekukuta umelala.

Namkunda akatoka. Akapanda polepole, akaondoa udongo uliozibia maji, maji yakaingia shambani. Alipoinuka tu, uchungu ukamshika. Na ukungu ukashuka, ule wa kwetu, unanyoosha mkono huuoni. Akaanguka kando ya mfereji, akaita. Kimya. Akaita tena. Kimya.

Kisha akasikia hatua. Mtu amejifunika ngozi ya ng'ombe gubigubi kwa baridi. Mtu huyo akachuchumaa, akampa mgongo, hakusema neno. Namkunda akashikilia, macho kayafumba kwa maumivu, akabebwa, akabebwa, akabebwa, mpaka akajikuta kwake, analazwa kwenye mkeka. Alipofumbua macho, mlangoni hakuna mtu.

Nakijwa aliporudi alikuta uchungu umekolea. Akajifunga kibwebwe, akafanya kazi, na mtoto akazaliwa. Wa kike, mzima, na nywele zake kichwani. Namkunda hakusema habari za mferejini. Aliogopa.

Ila mtoto akakataa ziwa.

Huko kwao, mtoto akikataa ziwa walisema anadai jina. Yupo mtu anayestahili kukumbukwa, naye amesahauliwa. Basi bibi zake wanakaa mbele yake na kumtajia majina, wa kike ya kike, wa kiume ya kiume, na likitajwa la kwake ananyonya. Mzazi mwenyewe hukaa kimya, si zamu yake kusema. Mama yake Namkunda akaitwa kutoka ng'ambo ya bonde, wakaanza.

"Wewe ni Nanzia?" Mtoto akageuza uso.

"Wewe ni Naetwe?" Mtoto akageuza uso.

"Wewe ni Nambike, aliyekufa na njaa yake?" Mtoto akageuza uso, akalia.

Wakamaliza wa kwa Senkondo, wakaingia wa kwa Namkunda. Wakawataja wazuri, wakawataja hata wachawi. Bibi wawili wale wakaanza kutazamana vibaya.

"Huko kwenu hakuna aliyekufa na kinyongo?" akauliza Nakijwa.

"Kwetu hatuna vinyongo, mkwe wangu. Tafuta kwako."

Kukapambazuka, kilio cha mtoto kikawa chembamba. Jua likapanda, akawa anafungua mdomo na sauti haitoki. Midomo ilikuwa imekauka. Senkondo amekaa nje, kichwa kakishika, hathubutu kuingia.

Namkunda akamtazama mwanawe. Akasema, "Mama, kuna mtu hamjamtaja."

Nakijwa akageuka. "Nani?"

"Simjui."

Akaeleza yote. Maharage, mfereji, ukungu, mgongo. Akamaliza, akainamisha kichwa kusubiri matusi. Hayakuja.

"Alikuwa mwanamke au mwanamume?" akauliza Nakijwa.

"Sijui, mama. Nilikuwa na mgongo wake tu."

"Mikono yake je?"

"Mipana. Lakini hata yangu ni mipana."

"Alinukaje?"

"Moshi. Na wewe unanuka moshi, mama."

Chekeni, chekeni. Mle ndani hakucheka mtu.

Mama yake Namkunda akasema, "Tumpe jina la kike basi, si mtoto ni wa kike?"

"Na kama alikuwa mwanamume?" akasema Nakijwa. "Tutakuwa tumemshukuru mtu mwingine, na huyu atakufa mikononi mwetu."

Akamchukua mtoto. Mkali yule alikuwa analia, machozi yanamfika kidevuni wala hayafuti. Akasema, "Nilimkataza mkwe wangu asitoke, wala sikumwachia mtu wa kufungulia maji. Kosa langu. Nawe uliyembeba, sikujui, lakini asante. Asante kwa mgongo wako. Mjukuu wangu, wewe ni Shukuru. Kama ni mwanamume aliyekuleta nyumbani, jina lake ndilo hilo. Kama ni mwanamke, ndilo hilo."

Namkunda akaangua kilio, kilio cha tangu mimba ya kwanza, na maziwa yakamtoka yenyewe yakalowesha nguo. Mtoto akawekwa kifuani. Akanusa. Akashika ziwa, akanyonya mpaka akasikika nje, na Senkondo akaingia bila kubisha hodi.

Wengine husema ni jina. Wengine husema ni yale machozi, mama alitua mzigo maziwa yakashuka. Mimi sikuwepo. Ninachojua mtoto alinyonya.

Senkondo akazunguka kijiji kizima kumtafuta mtu yule. "Ni wewe?" "Si mimi." "Ni wewe?" "Si mimi, lakini hongera." Hakumpata. Basi siku ya kumtoa mtoto nje, Nakijwa akapika togwa, akajaza vibuyu, akapita mlango kwa mlango. Akafika hata kwa mwanamke mmoja jirani, ambaye waligombea naye maji zamani na hawakuwa wanasalimiana. Akamnyooshea kibuyu.

"Pokea. Huenda ni wewe."

"Si mimi, Nakijwa."

"Huenda unaficha. Pokea."

Yule mwanamke akapokea. Akasogeza kigoda, akasema, "Kaa basi, usinywe togwa yako umesimama." Wakakaa, wakanywa pamoja.

Na tangu hapo, milimani kule, Shukuru ni jina la mtoto yeyote, awe wa kike, awe wa kiume, na hakuna anayeuliza ni la upande gani.

Mnauliza aliyembeba alikuwa nani? Nijuaje mimi? Nakijwa naye hakujua mpaka anaingia kaburini, na kwa kutojua kwake hakumpita mtu njiani bila kumsalimia vizuri, hata mtoto, hata mgeni. Nanyi fanyeni hivyo. Mmelelewa na mikono mingi ambayo hamkuiona, basi mshukuruni kila mtu, mtampata tu na huyo wenu.

Kisa changu nimekitua. Aliyekipenda akichukue, asiyekipenda aniachie, nitampa mwingine.