Chumvi ya Mama Kindi na Siki ya Ngiri

"Niseme?"

"Sema, masikio yetu yako wazi!"

"Nidanganye?"

"Danganya, lakini tufike!"

Asubuhi moja, kabla umande haujakauka, maji ya kisima cha wanyama yalikuwa siki.

Aliyeyaharibu ni Ngiri. Alitumbukiza kisimani matunda yote ya msimu, wengine wasiyale. Matunda yakaoza, yakachacha, maji yakageuka siki. Kisima kingine hakikuwapo.

Mama Kindi akaja na wanawe wawili. Akaonja, akatema. Ptu! Wanawe wakaonja, wakatema. Ptu! Ptu!

"Mama, kiu."

"Subirini."

"Mama, kiu!"

Mama Kindi alikuwa na kibuyu cha chumvi. Haikuwa chumvi ya chembe. Ilikuwa imeyeyuka bila moto wala maji, inateleza kama mafuta. Na maji haichanganyiki, lakini ukali wa siki inaukumbatia wote.

Akachota maji ya kisima kwa mtungi, akamimina chumvi humo, akatikisa. Chuku-chuku-chuku! Akatua, akachungulia. Bado. Akatikisa tena. Chuku-chuku-chuku! Akatua. Maji na chumvi vikajitenga.

Mara Ngiri huyo, mkia juu, kwato kwa-kwa-kwa!

"Wewe kimkia! Nani kakuruhusu kisimani kwangu?"

"Shikamoo, Mzee Ngiri. Nawatafutia watoto maji."

"Marahaba. Hapa mkubwa huchagua kwanza, wajua?"

"Najua, mzee. Ndiyo desturi."

Ngiri akachungulia mtungini. Juu palielea kitu kinachoteleza kama mafuta, rangi ya asali. Chini palikuwa na maji matupu.

"Kipi kizuri?"

"Mimi ni nani hata nimchagulie mkubwa?"

"Siagi hukaa juu! Nipe cha juu."

"Labda cha chini, mzee, maana watoto..."

"Cha juu! Chote!"

Mama Kindi akaengua kwa kata, akampa. Ngiri akabugia. Glu, glu, glu... kweee! Siki yote ya mtungi ilikuwa mle ndani. Akakunja pua, akakunja midomo, akatimua mbio. Tifu! Tifu! Tifu!

"Na watoto wa Kindi? Haraka, bwana msimulizi!"

Watoto wakainamia mtungi. Wakaonja. Hawakutema.

Funzo, jamani: mkubwa aachiwe achague kwanza. Adabu haijawahi kumwumiza mtu.

"Hata Ngiri?"

"Mimi nimefika, nimetua. Aliyebaki njiani akamuulize yeye."

Jioni Ngiri alionekana ng'ambo ya kisima, akilamba udongo ili ukali umtoke ulimini.