Samaki Wawili wa Mgane

Wapendwa, kabla hamjasikia kwa majirani, acheni niseme mwenyewe. Jumanne iliyopita mchungaji wenu alikamatwa ugenini, vidole vimezama ndani ya tangi la samaki la watu, na nusu chapati kwenye kiganja. Kikaratasi cha kukataza kilikuwepo, kimebandikwa palepale kwenye kioo. Lakini sikuwa na miwani. Nikadhani ni aya, kama tunavyobandika majumbani mwetu, nikaitikia "Amina," nikaendelea kulisha.

Nimekaribishwa kwenye sebule nyingi, kuanzia Kigoma mpaka Voi, na karibu kila moja nimeiachia aibu ndogo. Hii ilikuwa kubwa. Nivumilieni niwaeleze polepole, maana nimechoka. Tangu mwezi uanze nimezika wanne, na pole ninazotoa zimeanza kufanana kama sare za shule.

Kulikuwa na mzee mmoja aliyefiwa na mkewe. Mama yule alifuga samaki tisa wa rangi ya dhahabu kwenye tangi la kioo, sebuleni, karibu na redio. Kila asubuhi aliwalisha kidogo na kuwasemesha. Alipoondoka, mzee akabaki na samaki tisa na nyumba iliyonyamaza.

Watu wakaja kumpa pole. Si mnatujua? Tunaingia, tunasema "Pole sana, mzee," tunakaa. Baada ya hapo? Maneno yameisha na chai haijaja. Macho yanatafuta pa kwenda. Wale pale samaki! Mgeni anainuka, anamega mkate, anawatupia. Samaki wanaukimbilia. Mgeni anarudi kukaa, anajiona amefanya jambo. Kisha anainuka mwingine.

Wiki ya tatu samaki wakaanza kuugua. Walipanda juu ya maji, midomo nje, wakihema, mapezi wameyabana mwilini kama mtu mwenye baridi. Mzee akanunua dawa ya buluu, akatia. Akaambiwa chumvi, akatia. Akaambiwa kitunguu saumu, nacho akatia. Na wageni walipoona samaki wanapanua midomo, walisema, "Maskini, wana njaa hawa!" Wakaongeza mkate.

Wakafa saba.

Walipobaki wawili, mzee akamwita mama mmoja anayeuza samaki wa mapambo sokoni. Mama yule hakuuliza habari za dawa. Aliinama, akanusa maji. Akaingiza mpira mwembamba mpaka chini ya tangi, akavuta. Ukatoka uji wa mkate uliooza.

"Baba, nani analisha hawa?"

"Wageni."

"Wangapi?"

Mzee akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha. "Wote wanaonipenda."

"Basi hao ndio ugonjwa wenyewe. Siku nne wasile kitu. Kila siku toa theluthi ya maji, urudishie maji yaliyolala kwenye ndoo, ili dawa inayotiwa kwenye maji ya bomba iishe nguvu. Hizo chupa zako kaziweke kabatini."

"Na watu nitawaambiaje, mama?"

"Andika."

Akaandika. Siku ya tatu, nikaingia mimi.

Mzee alitoka jikoni na chai, akaiona chapati yangu inazama. Hakunifokea. Heri angenifokea. Alisema tu, "Mchungaji, hawa wawili ndio wamebaki kati ya wale aliowalisha kwa mkono wake." Tukaivua ile chapati kwa chujio la chai, mgane na mchungaji wake, na hakuna aliyecheka.

Sasa niulize. Sisi tunamtupia nani leo? Yule dada aliyepoteza mtoto, tumeshampa aya ngapi? Yule baba aliyeachishwa kazi, ameshauriwa na wangapi hapo nje, kabla hata hajafika getini? Kila mmoja wetu ametupa punje moja tu, tena kwa upendo. Nani atajiona ana hatia kwa punje moja? Lakini sisi tukishatupa tunakwenda zetu nyumbani. Yeye hana pa kwenda. Anabaki na maneno yetu yote, yanaoza chini yake. Tukimwona anahema, tunasema ana njaa ya neno, tunamwongezea.

Na tuseme ukweli mbele za Mungu: mara nyingi si yeye mwenye njaa. Ni sisi tunaoogopa kukaa kimya. Mimi ndiye wa kwanza. Siku ile nilikuwa na mistari mitano mfukoni, nimeipanga vizuri.

Hata baada ya chapati, mnadhani nilikoma? Nikiwa mlangoni nilimshika mzee mkono. "Mzee wangu," nikasema, "nina neno dogo tu la kukutia moyo. Niliseme?"

Akalitazama tangi. Akatazama ndoo ya maji machafu iliyokuwa karibu na mguu wangu.

"Ndoo hiyo, Mchungaji. Kamwage."