Mitungi Mitatu ya Manka

Tajiri Lyatuu alijipa kazi ya kuonja mbege, pombe ya ndizi na ulezi, yote iliyoletwa sokoni. Mtungi aliouponda kwa maneno haukuuzwa, ulibebwa na watumishi wake hadi kwake. Naye aliponda yote.

Zamu ya mama mmoja, Manka, ilipofika, alipanga mitungi mitatu.

"Mzee, hii nimezidisha ulezi, hii ndizi, na hii nimeitia uchungu wa gome la msesewe. Ukiiponda, wanangu watalala njaa."

Lyatuu akamaliza kata ya kwanza. "Uji wa mgonjwa."

Akamaliza ya pili. "Maji ya kuogeshea ndama."

Ya tatu aliitema. "Hii hata mbuzi angeishtaki!"

"Sema kwa sauti, mzee, wenzangu wajifunze. Aliyeipika tumfanyeje?"

"Asikanyage jikoni tena! Hakufundwa huyo. Bebeni mitungi!"

"Samahani, nilidanganya kidogo," alisema Manka. "Yote nimeichota asubuhi kwenye pipa moja, nyumbani kwenu. Na mpishi nimekuja naye."

Wanawake wauza mbege wakapisha. Mama yake Lyatuu alikuwa amesimama nyuma yao, mwiko mkononi.

"Hebu rudia ile ya mbuzi, mwanangu."

Tangu siku hiyo Lyatuu aliisifu kila mbege kabla kata haijafika mdomoni.