Mfiwa Mwombe Chumvi

"Mfiwa mwombe chumvi." Mmeisikia jana msibani kwa Mama Senzota, mkadhani shangazi yenu aliyeisema hana haya. Watoto wa siku hizi mna haraka ya kucheka! Methali hii ilianza hivi.

Huku kwetu Upareni, enzi ambazo kila ua ulinuka moshi wa vyungu, na moshi ule nautamani hadi leo, aliishi bibi yangu Nakundwa, mfinyanzi. Mumewe alipofariki, majirani walifuata desturi: mfiwa hashiki kazi. Wakamtekea maji, wakamkokea moto, hata vyungu vyake wakamfinyangia. Upendo ulikuwa mwingi, lakini Nakundwa alizidi kunyong'onyea. Uji ulipoa mbele yake asiuguse. Akabaki mifupa, watu wakaanza kunong'ona kwamba atamfuata mumewe.

Wifi yake, Namsemba, akawaambia wenzake, "Tumempa kila kitu na hapati nafuu. Niacheni nami nijaribu langu."

Asubuhi akaenda mikono mitupu.

"Wifi, naomba chumvi. Mboga yangu iko motoni."

Wanawake waliokuwapo wakaguna. "We Namsemba! Mfiwa anaombwa?"

 Nakundwa akainuka, akishika ukuta, akaingia jikoni na kutoka na chumvi kiganjani.

Kesho yake Namsemba akarudi na bonge la udongo. "Wifi, vyungu vyangu vinapasuka. Hebu ushike huu, uniambie una nini."

"Mchanga haujatosha. Na nani kakufundisha kukanda hivi? Hebu sogea."

Akakanda mpaka jua likapanda, jasho likamtoka, akauliza kama kuna chakula. Alipokwisha kula akasema, "Wifi, ile chumvi. Kwako si ipo?"

"Ipo tele."

Nakundwa akacheka. Halafu akalia, machozi yake ya kwanza tangu mazishi, na Namsemba akamwacha alie.

Miaka ikapita, Namsemba naye akafiwa na mwanawe. Nyumba ilijaa watu na vyakula, yeye kajikunja pembeni, hasemi na mtu. Nakundwa, sasa anatembelea mkongojo, akapita katikati ya waombolezaji mpaka alipokuwa wifi yake. Hakumpa pole.

"Wifi," akasema, "naomba chumvi."

Namsemba akainuka.

Basi kesho mtu asiende kwa Mama Senzota na pole tupu. Mfiwa mwombe chumvi.